Macho ya Salfa

Kama umekonda ghafla, moyo unakwenda mbio na wewe umekaa kitako, mikono inatetemeka hata uzi huwezi kuutia kwenye sindano, na watu wa nyumbani kwako wameanza kukutengea kikombe, basi haya nakuandikia wewe. Sikuandikii kwa upole. Upole ninao, ila kwa jambo hili sinao, na sitaki mtu aniambie nimshukuru Mungu kwa kuwa yamekwisha. Mungu nimemshukuru. Ninaowadai ni binadamu.

Mimi ni Mama Somoe, wa Makote, Newala. Shamba langu la mikorosho niliachiwa na mama yangu, na nyumba yangu inatazamana na ya dada yangu mkubwa, Mama Fatu. Uwanja wetu mmoja, pipa letu la maji moja. Kaka yetu Hamisi alioa Lupaso, upande wa Masasi, akahamia huko kwa wakweze, ndivyo ilivyo desturi yetu, mume anafuata kwa mke. Lakini kwetu mjomba ni mjomba. Akae mbali, akae karibu, neno la watoto wa dada zake ni lake. Hilo lishike vizuri, maana ndilo lililonichoma kuliko ugonjwa wenyewe.

Ugonjwa ulinianza msimu wa salfa. Mtu asiye wa huku labda hajui. Mikorosho ikianza kutoa maua inashikwa na ubwiri unga, maua yanakauka na mwaka wako umekwisha. Dawa yake ni unga wa njano, salfa, unaopulizwa kwa mashine ya mgongoni asubuhi mapema, umande ukiwa bado kwenye majani. Zamani tuliipata kwa ushirika. Mwaka ule biashara ilishafunguliwa, kila kitu ruksa, salfa ikahamia madukani. Mwenye nacho alipuliza, asiye nacho alisubiri upepo umletee ya jirani. Baba Somoe, mume wangu, alibeba mashine, mimi nilimjazia unga. Miezi ile Newala nzima inakuwa na macho mekundu. Ukienda sokoni utadhani kuna msiba, kila mtu anafuta machozi.

Kwa hiyo macho yangu yalipoanza kuwasha na kuwa mazito kama yamemwagiwa mchanga, nani angeshtuka? Baba Somoe akasema ni salfa. Mama Fatu akasema ni salfa. Pale zahanati, bwana mganga hakuinua hata kichwa.

"Mnapuliza?"

"Tunapuliza."

"Ni salfa. Nenda ukaoshe macho kwa maji mengi safi, mara kwa mara."

Maji mengi safi. Newala. Kiangazi. Nilimuuliza kama atanipa yeye hayo maji. Akanitazama sasa, kwa mara ya kwanza, akasema mimi ni mkorofi, akaita mwingine.

Lakini macho yalikuwa jambo dogo. Lilikuja joto. Kipupwe cha kwetu anakijua aliyekilala: ukungu unaingia hadi chumbani, watu wanazunguka na makoti ya mitumba mchana kweupe. Mimi nilikuwa navuja jasho. Nililala mlango wazi na khanga moja, na bado godoro lilikuwa linalowa. Nikaanza kuoga asubuhi, mchana, jioni. Hapo ndipo tulipoanza kukosana na dada yangu, kwa sababu bomba lilikuwa halijatoa maji sijui tangu lini, na lile pipa tulilijaza kwa kuteremka bondeni na kupanda na ndoo vichwani.

"Mama Somoe, hivi unaoga au unamwagilia bustani?" akaniuliza siku moja, mbele ya watu.

"Naungua, dada."

"Unaungua na nini wakati sisi meno yanagongana?"

Na kweli ningemjibu nini? Sikujua kama mtu anaweza kuungua kwa ndani bila kuwa na homa. Aliyenielewa alikuwa Somoe, binti yangu, mtoto mmoja tu niliyenaye, wakati ule ndiyo kwanza ameng'oka meno ya mbele. Alikuwa akiteremka nasi bondeni na kidumu chake kidogo cha mafuta ya kula, na tukifika nyumbani ananisogezea kile kidumu uvunguni mwa kitanda. Anasema, "Haya ya kwako mama, wala hayajaingia kwenye pipa." Usiku alizoea kulala ameniegemea mgongoni. Akaniambia moyo wangu unagonga hadi unamwamsha. Mtoto alisikia. Watu wazima walikuwa wanahesabu ndoo.

Halafu ikaja hasira. Mimi nilikuwa mtu wa kucheka, muulize yeyote Makote. Sasa sufuria ikianguka nalia. Kuku akiingia ndani namrushia mwiko. Baba Somoe akichelewa kidogo namsomea mashtaka tangu siku aliponioa. Nilikuwa najisikia kama kuna mtu ndani yangu anayenikimbiza, na kila anayesimama mbele yangu ananizuia njia. Nikimaliza kufoka natetemeka, nikimaliza kutetemeka naona aibu. Usiku usingizi hauji, nahesabu mapigo ya moyo wangu mwenyewe.

Msimu wa kuokota ukafika. Ule ndio mwaka wanunuzi binafsi walipojaa, kila mmoja na mzani wake, na Baba Somoe akapata kazi ya kumnunulia mfanyabiashara mmoja wa Masasi. Akaondoka na magunia, akarudi mara moja, akaondoka tena. Mimi na Somoe tukabaki kuokota korosho. Nilikuwa nikiinama naona nyota. Mapaja yaliniishia nguvu, nikichuchumaa chooni nainuka kwa kushika ukuta. Nywele zilitoka na kitana. Siku zangu za mwezi zikawa tone tu, kisha hazikuja. Na nilikuwa nakula. Jamani, nilikula. Ugali wa muhogo wa watu watatu, mboga ya kisamvu, mabibo, na baada ya muda mfupi nina njaa tena. Nilikula na nikakonda, bangili za mama yangu zikawa zinadondoka zenyewe mkononi.

Salfa ilikuwa imekwisha kupulizwa zamani. Macho ya Newala nzima yakawa meupe. Yangu yakatoka zaidi, yakawa makubwa, ya kushangaa, kope hazifungi vizuri hata nikilala. Sasa hapa ndipo ninapotaka unisikilize. Hakuna mtu hata mmoja aliyesema, kumbe haikuwa salfa, hebu tutafute ni nini. Hakuna. Walilitupa neno la salfa wakaokota jingine lililokuwa tayari limelala njiani. Mwanamke kakonda. Mume anafanya biashara, analala Masasi, ana fedha za korosho mfukoni. Wakajumlisha. Mama Somoe kakanyaga miwaya, ana ukimwi.

Sikuambiwa usoni. Niliambiwa kwa kikombe. Kilikuwa kikombe cha bati cha buluu, kimebanduka rangi ukingoni, na Mama Fatu alikuwa amekifunga uzi mwekundu kwenye mkono wa kushikia. Akanipa kwa sauti ya kubembeleza, ile sauti ya kuongea na mgonjwa.

"Hiki kitakuwa chako, mdogo wangu. Usihangaike kuchota kwenye pipa, utachotewa."

Nikakipokea. Nilishukuru hata, mpumbavu mimi, nilidhani ananionea huruma kwa kuwa naumwa. Baadaye nikamsikia akimfundisha Somoe na wanawe: chombo alichoshika mama mdogo, ukilazimika kukitumia, futa kwanza ukingo kwa nguo, zungusha chote, ndipo unywe. Alifundisha vizuri. Aliwafanyisha mazoezi.

Na usifikiri hawakujua. Watu wa afya walikuwa wamekuja na kipaza sauti pale uwanjani, wakasema ugonjwa ule hauambukizwi kwa kikombe wala sahani wala kulala chumba kimoja. Mama Fatu alikuwepo, amekaa mbele, alipiga makofi. Kwa hiyo nasema, na nalisema kwa ajili ya wengine zaidi kuliko kwa ajili yangu: hata ningekuwa nao kweli, wale waliokuwa nao kweli, nani aliamua wanyimwe kuingiza mkono kwenye maji ya nyumba yao? Walifia wapi wale, na vikombe vyao viko wapi? Sijasikia mtu akiomba msamaha hata kwa mmoja.

Mvua za kwanza zilipoanguka, Kaka Hamisi akaja kutoka Lupaso. Nilimwamkia, akaitikia kutokea mlangoni. Hakukaa kwenye mkeka wangu, alikaa kwenye kigoda alichokitoa kwa Mama Fatu.

"Nimekuja kumchukua mtoto," alisema.

"Kwa ajili gani, kaka?"

"Akakae kwangu. Shule ipo. Wewe upumzike."

"Nikapumzike na nini? Sema unachotaka kusema."

Akatazama chini. Kaka yangu si mtu mbaya, na hilo nalo linanikasirisha, kwa sababu mtu mbaya ningemfukuza. "Zainabu, mtoto asije akaona mwisho wako. Na asije akaupata."

Nikasimama. Nilimwambia maneno ambayo dada hamwambii kaka yake, na nikabamiza mlango mpaka udongo ukadondoka ukutani. Hamisi na Mama Fatu, aliyekuwa amesogea kusikiliza, wakatazamana. Niliona wanavyotazamana: hata akili imeshaanza kumtoka. Kila nilichofanya kilikuwa ushahidi. Nikinyamaza, anadhoofika. Nikipiga kelele, umeshapanda kichwani.

"Nikipona je?" nikamuuliza mwishoni.

"Ukipona nitamleta mimi mwenyewe, kwa mkono wangu." Akasema kama mtu anayeahidi kitu kwa marehemu. Somoe akafungiwa nguo zake kwenye khanga. Hakulia mbele yao. Aliniachia kile kidumu chake uvunguni, kimejaa.

Usiku ule hakuna aliyekuwa mgongoni kwangu wa kusikia moyo unavyogonga. Kulipokucha nikaamua. Wengine wanasema ni imani iliyowapeleka hospitali. Mimi ilinipeleka hasira. Nilitaka mtu mwenye koti jeupe aniambie ni nini, ili kama ni kifo nikijue jina lake, na kama si kifo nimfuate Hamisi hadi kwenye mlango wa wakweze nimdai mwanangu. Nikapanda lori la korosho, juu ya magunia, likateremka kutoka Newala hadi Masasi, na kutoka hapo nikaunga hadi hospitali ya misheni.

Benchi. Kama hujawahi kuumwa kwa muda mrefu hujui benchi. Unafika mapema unakuta wenzako wamefika mapema zaidi. Wakati ule ndiyo ilikuwa imeanzishwa habari ya kuchangia, kwa hiyo unapanga foleni kwanza ulipe, ndipo upange foleni uonwe, na ukitaka kupimwa unarudi kulipa tena. Kijana wa dirishani alinitazama macho, akatazama mikono, akasukuma risiti kwa ncha ya kalamu ili asiguse vidole vyangu. Namkumbuka mpaka leo.

Nikakaa mwisho wa benchi, na watu wakaacha nafasi katikati. Kisha akaja bibi mmoja wa Kimakua, shingoni ana rovu kubwa kama embe limening'inia, akakaa kwenye ile nafasi iliyoachwa, akanisukuma kidogo kwa nyonga ili nimpishe.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Una maji hapo?"

Nilikuwa na chupa. Nikasita, nikamwambia, "Nimeshayanywea, bibi."

"Kwani nimekuuliza kama umeyanywea?" Akaichukua, akanywa kwa mdomo wake pale pale nilipoweka wangu, akajifuta, akanirudishia. Akaendelea kulalamika kuhusu bei ya chumvi. Mimi nikajifunika ushungi usoni nikalia, na yeye hakujua kwa nini, akadhani ni maumivu, akanipigapiga mgongoni. Jina lake sikulipata. Kama bado yu hai, Mungu amzidishie.

Daktari alikuwa mwanamke, bado kijana, na kwa matamshi yake nilijua si mtu wa kwetu. Nikaanza kumweleza habari ya macho na salfa, akanikatiza.

"Salfa ndiyo nini, mama?"

Nikamtazama. Hakuijua salfa! Hakuwahi kuishi penye mikorosho. Kwa hiyo aliponitazama hakuona salfa, na nadhani kwa sababu hiyo hiyo aliona macho. Akaniambia nivue ushungi. Nusu mwaka mzima, zahanati, nyumbani, kwa mtaalamu wa mizizi ambako nilipelekwa na Mama Fatu, hakuna aliyeniambia nivue ushungi. Akasimama nyuma yangu, akaweka vidole shingoni, akasema meza mate. Nikameza. Akasema tena. Kisha akaniambia ninyooshe mikono, akaniwekea karatasi juu ya vidole, na ile karatasi ikacheza hadi ikaanguka sakafuni.

"Hiki kilichovimba hapa ni tezi," akasema. "Kila mtu anayo. Inatoa kitu kinaitwa homoni, kinaingia kwenye damu, kinazunguka mwili mzima kuuambia uende mwendo gani. Ikitoa kidogo mno, mtu anapoa, anasinzia, ananenepa. Ikitoa nyingi mno, ni wewe. Moyo mbio, joto, chakula kinaungua kabla hakijawa nyama."

"Na nani anaiambia itoe nyingi?"

Akacheka kidogo, nadhani hakutegemea swali. "Kuna tezi nyingine kichwani, ndogo kama punje ya kunde. Hiyo ndiyo mkubwa wa hii. Ikiona homoni imezidi, inanyamaza ili hii ipumzike. Ya kwako nadhani imenyamaza siku nyingi. Ila damu yako imetengeneza kitu kinachoigiza amri yake, kinaiambia hii ya shingoni ongeza, ongeza. Nayo inatii. Na kitu hicho hicho kimekuvimbisha nyuma ya macho."

"Na hasira?"

"Nyingine ni za humo humo, mama. Zitapungua."

Akanipima na ule ugonjwa waliokwisha kunipa nyumbani, kwa ridhaa yangu. Sikuwa nao. Damu ya tezi ikapelekwa Dar es Salaam, na majibu yakachukua muda wake, lakini hakusubiri, alinianzishia vidonge siku ile: vya kutuliza moyo, na vingine vya kuishika tezi. Akaniambia jambo moja ambalo nawe ukipewa vidonge hivyo ulikumbuke: ukishikwa na homa na koo likauma, usiseme ni mafua, acha kumeza na urudi hospitali siku hiyo hiyo.

Nikarudi Makote na habari njema, nikaitangaza uwanjani. Unajua walisema nini? Mama Fatu akasema, "Alhamdulillahi," kisha jioni akanichotea maji kwenye kile kikombe chenye uzi. Nikamwuliza, si nimekwambia sina? Akasema hospitalini huwa wanawaficha wagonjwa ili wasife kwa mawazo. Nikatuma salamu Lupaso. Hamisi akajibu kwa mtu aliyekuwa anakuja mnadani: nimefurahi, mwambie ale vizuri. Habari ya mtoto hakuigusa. Ikasikika pia kuwa Baba Somoe huko Masasi anasema yeye alinioa nikiwa tayari mgonjwa. Alinioa nikiwa na miaka ya kucheza ngoma za unyago, lakini haya.

Basi nikameza vidonge mvua zote zile. Wakati mwingine hospitali haikuwa navyo, natembea maduka ya dawa ya Masasi, mapya mapya, rangi bado inanuka, muuzaji anakuambia hivyo hatuna lakini chukua hivi vya nguvu. Usichukue vya nguvu. Mimi nilikuwa nahitaji kupunguziwa nguvu. Nilikaa barazani kwa watu nisiowajua nikisubiri gari la kesho, na nikarudi na nilichoambiwa.

Mwili ulirudi polepole, kwa vitu vidogo. Kwanza moyo ukatulia, nikalala nikaamka kumekucha. Kisha nikakaa na njaa ya kawaida. Bangili zikashika mkono. Mihogo ilipokuwa inapaliliwa, nikapalilia mstari mzima bila kukaa. Kipupwe kilipoingia tena, asubuhi moja nikaamka natetemeka, nikaogopa, nikajiangalia mikono. Mikono ilikuwa imetulia. Nilikuwa nasikia baridi tu. Nikafungua sanduku nikatoa blanketi, nikajifunika hadi kichwani, nikacheka peke yangu chumbani kama mwendawazimu. Baridi ya Newala, ile ile ambayo watu wanailaani, mimi niliifurahia kama pilau ya Idi.

Baada ya mwili kutulia nikapasuliwa, wakapunguza sehemu kubwa ya tezi. Kovu liko hapa, linafanana na mkufu uliokaza. Sauti yangu imebaki na mkwaruzo, ukinisikia nikiita kuku utadhani ni mzee wa msikitini. Macho yamerudi nyuma, si yote. Nimeyakubali. Baba Somoe alikuja kunitazama na doti ya khanga mpya na soda. Soda nilikunywa.

Daktari alisema hasira zitapungua, na alisema kweli. Zile za kuwarushia kuku mwiko zimekwenda na ile nyama waliyoitoa. Lakini nilikaa kitandani pale wodini, moyo wangu unatembea taratibu kabisa, nikawafikiria waliokuwa wakinitazama nikichotewa maji kwangu mwenyewe, na nikakuta hasira iko pale pale, imetulia, haina haraka. Hiyo haikuwa ya tezi. Hiyo ni yangu, na niliitia akiba.

Hamisi alisikia kuwa nimepasuliwa na nimenenepa. Kunenepa ndiko kulikomwaminisha, si cheti cha hospitali. Msimu wa salfa ukiwa umekolea, macho ya watu wote mekundu, akatokea uwanjani na Somoe nyuma yake, amerefuka, meno ya mbele yameota, makubwa.

"Nilisema ukipona nitamleta kwa mkono wangu," alisema Hamisi.

"Ulisema, kaka."

"Tulidhani..."

"Najua mlichodhani. Kaa."

Mama Fatu alikuwa amekata ule uzi. Kikombe alikuwa amekirudisha pamoja na vingine, kimegeuzwa juu ya pipa kama hakijawahi kuwa na habari yoyote. Nilikijua kwa ukingo wake uliobanduka. Nikakichukua. Nikafunua pipa, nikaingiza mkono mwenyewe, nikachota, na hakuna aliyenizuia. Mtoto alikuwa ametembea tangu barabarani, midomo imekauka. Akapiga goti.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Kunywa."

Akapokea kwa mikono miwili. Kisha akashika pindo la gauni lake, akafuta ukingo wa kikombe, taratibu, akazungusha chote, hakuacha mahali. Ndipo akanywa.

Hamisi akageuka akatazama mikorosho. Mama Fatu akaweka mkono mdomoni. Mtoto akasimama kati yetu anatutazama mmoja mmoja, haelewi amekosea wapi, maana hakukosea. Alifanya alivyofundishwa, na alifanya kwa adabu.

Mwaka uliopita ningekirusha kile kikombe. Sasa nilikipokea tu. Nikanywa yaliyobaki, pale pale alipoweka mdomo wake, nikachota tena, nikampa. Akashika pindo tena. Nikamshika mkono.

"Usifute. Kunywa hivyo hivyo."

Somoe hakunitazama mimi. Alimtazama Mama Fatu, akasubiri. Na Mama Fatu, mbele yangu, uwanjani kwangu, akaitikia kwa kichwa, ndipo mwanangu akanywa.